Hewa Haimo Kwenye Mgawo

Mwanamke yule alishuka kwenye lori la mbao akiwa na gunia la mahindi mgongoni, na kabla hajasimama sawasawa kwenye vumbi la Uyole, mashine ya kusaga ya kijiji ikazimika.

Ilizimika kama ilivyokuwa ikizimika tangu Jumatatu. Mlio ulilegea, ukawa mzito kama pumzi za mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Moshi ukakatika kwenye bomba. Mkanda ukapiga makofi ovyo, na mahindi yaliyokuwa yakishuka kwenye mdomo wa mashine yakaganda. Kisha, magurudumu yakiwa bado yanazunguka, injini ikashituka, ikashika tena kwa kishindo kilichotikisa mabati ya banda, ikanguruma kwa nguvu zake zote hata mtu aseme, haya, imepona. Ikazimika tena. Safari hii magurudumu yalizunguka taratibu, yakasimama.

"Huyo mgeni ana mguu mbaya!" akapaza sauti Esta, muuza viazi, mama mnene aliyekalia debe lake katikati ya foleni. Wanawake wenzake wakacheka, kicheko cha watu waliokwisha kuchoka kukasirika.

"Mguu wangu umekosa nini, dada?" mgeni akajibu. Lafudhi yake ilikuwa ya Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. "Mimi nimefika sasa hivi. Mashine yenu nimeikuta inakata roho."

"Haikati roho. Inazimia tu, halafu inazinduka. Ukae chini, utaizoea."

Ndani ya banda, Andendekisye, mwendesha mashine, alisikia yote. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa unga na mikono yake myeusi kwa dizeli. Alikuwa kijana wa Kinyakyusa, aliyeletwa na kamati ya kijiji baada ya shamba la chai kule Tukuyu kupunguza vibarua, na pamoja na kazi alipewa chumba kilichoegemea nyuma ya banda, alimoishi na mkewe Helena. Tangu Jumatatu alikuwa amefungua kila kitu kinachofunguka. Alimwaga maji chini ya chujio. Alifua kitambaa cha chujio kwa petroli aliyoomba kwa dereva mmoja wa lori. Alilegeza mkanda, akaukaza. Alipunguza mahindi mdomoni mpaka yakawa yanadondoka kama machozi. Mashine ilifanya kazi kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, ikazimika. Akiiacha ipumzike, iliwaka kwa mzunguko mmoja wa hendeli kama kwamba haijawahi kuumwa.

"Mafuta ni machafu," alikuwa akiwaambia watu. Hakuwa na neno jingine la kuwaambia.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa, na dizeli ilikuwa ya mgawo. Unga ulikuwa umepotea madukani, na ukitokea ulikuwa ule wa yanga, wa mahindi ya manjano, wa foleni ya kuanzia alfajiri. Mwenye mahindi yake mwenyewe alijiona tajiri, ila mahindi makavu hayaliwi kwa macho. Kinu na mchi vilikuwapo, lakini kukoboa, kuloweka, kutwanga na kuanika ni kazi ya siku kadhaa, na njaa haikuwa na siku hizo za kungoja.

Mgeni akaja mpaka mlangoni, akabisha hodi kwa sauti ya chini, kama mlango wa nyumba ya mtu.

"Kaka, mimi naitwa Roza. Natoka huko Usangu, kwetu mashine imefungwa, haina mafuta. Wameniambia Uyole wanasaga."

"Wamekudanganya," Andendekisye alisema bila kugeuka. Halafu akaona aibu. "Samahani, dada. Inasaga, haisagi. Una haraka?"

"Mtoto wangu, Ngolo, yuko wodini hapo mjini. Alishikwa surua, ikamwingia kifuani. Bibi yake ndiye anamlinda. Unga tuliokuja nao umekwisha." Alitua gunia. "Siku zote hizo hajala kitu, kaka, tunamlazimisha maji kwa kijiko. Juzi asubuhi akafungua macho akasema, mama, nataka ugali. Nikapanda lori siku ile ile kwenda kuchukua mahindi."

Wanawake waliokuwa karibu waligeuka wakamtazama. Kila mmoja wao alijua maana ya mtoto wa surua kuomba chakula. Alijua pia kwamba hamu hiyo huja na huondoka, na kwamba haisubiri.

"Nani ana unga ambadilishie na mahindi?" Esta akauliza akiwageukia wenzake. Wangekuwa na unga wasingekuwa pale.

"Mwiteni Mrisho," alisema Andendekisye.

Mrisho alikuwa fundi wa malori kandokando ya barabara kuu, mtu wa maneno mengi, mzaliwa wa Iringa mjini, ambaye mara nyingi alionekana miguu tu, mwili mzima ukiwa chini ya gari. Alikuja akijifuta mikono kwenye suruali ambayo isingeweza tena kumfuta mtu.

"Ehe, mgonjwa anasemaje?"

"Anazimika mwenyewe, anawaka mwenyewe."

"Huyo basi ni naizi, bwana mkubwa wa ofisini. Anafanya kazi akipenda." Wanawake wakaangua kicheko. Mrisho hakucheka. Tayari alikuwa amepiga magoti, sikio karibu na pampu. "Iwashe. Usimtilie mahindi. Nataka nimsikie akiwa na njaa."

Andendekisye akazungusha hendeli. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri. Mrisho alingoja ameinamisha kichwa. Mlio ulipoanza kulegea, aliufungua haraka mrija wa mafuta pale unapoingia kwenye chujio. Dizeli ilitoka ikidondoka, ikapungua, ikakoma. Kisha mrija ukavuta hewa kwa sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto, na dizeli ikatoka tena kidogo.

"Umeona? Injini nzima. Inakosa mafuta."

"Pipa limejaa! Walilijaza Ijumaa mbele ya macho yangu."

"Basi twende tukalione hilo pipa."

Pipa lilikaa juu ya jukwaa la magogo nje ya ukuta wa nyuma, na mafuta yalishuka kwa mrija mpaka kwenye injini. Andendekisye hakuwa amelitazama sawasawa tangu siku hiyo ya Ijumaa, na alikuwa na sababu. Baada ya kulijaza, maofisa wawili wa mgawo kutoka mjini walivikaza vizibo vyote viwili, kikubwa na kidogo, wakavifunga kwa waya, wakavichomea lakiri nyekundu na kuipiga muhuri. Walifanya hivyo mbele ya foleni nzima. Mmoja alisema kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba dizeli ya wananchi inakwenda kwenye malori usiku. Andendekisye, ambaye hakuwahi kuuza hata kibatari kimoja, alisimama pale akitazamwa. Tangu hapo aliapa kutoligusa pipa lile hata kwa jicho, asije mtu akasema.

Sasa akalitazama. Kifuniko chake cha juu kilikuwa kimebonyea ndani, kama tumbo la ng'ombe wa kiangazi.

Mrisho akapiga mluzi. "Ndugu yangu, kabla ya hii lakiri, hiki kizibo kidogo mlikuwa mnakifanyaje?"

"Nakilegeza kila asubuhi nikifungua banda. Jioni nakikaza. Mzee aliyenifundisha kazi ndivyo alivyofanya. Alisema pipa lipumue."

"Lipumue nini?"

Siku zote Andendekisye alidhani ni harufu ya mafuta inayotoka. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu kinachoingia.

"Hewa," Mrisho akasema. "Mafuta yakitoka, lazima hewa ichukue nafasi yake. Hapa wamemziba mtu pua na mdomo, halafu wanamwambia imba. Anavutavuta hewa kidogo kwa kupitia mrija, ndiyo maana anazinduka." Akacheka kwa uchungu. "Na wizi wenyewe unafanyika huko juu, lori likiwa bado njiani. Wanakuja kuziba huku chini." Akatoa plaizi mfukoni.

Andendekisye akamshika mkono.

"Acha. Ukikata huo waya ni mimi nitakayelala ndani, siyo wewe."

"Waya tu huo, Ande."

"Unajua mwenyewe siyo waya tu." Alishusha pumzi. "Nitakwenda mjini. Nitawaeleza. Ni kitu kidogo, wataelewa. Waje walegeze kizibo kimoja, wachome lakiri yao kando."

Alisema hivyo na aliamini hivyo. Alikuwa bado ni mtu wa kuamini kwamba jambo likielezwa vizuri huwa linaeleweka.

Roza alikuwa amewafuata, amesimama pembeni ya ukuta. "Kaka, utanisagia leo?"

"Leo utaondoka na unga," Andendekisye alimwambia.

"Ahadi ya mashine hiyo, mama!" Esta akatania kutoka kwenye foleni. "Sisi alituahidi Jumatatu!"

"Siyo ya mashine," alisema Andendekisye. "Ni yangu."

Alidandia lori la viazi mpaka mjini.

Ofisi ya mgawo wa mafuta ilikuwa na benchi nje, na benchi ilikuwa na watu waliokaa kama watakaozikwa pale. Walikuwapo waendesha mashine kama yeye, mwalimu aliyetafuta mafuta ya taa ya shule, na mzee mmoja ambaye hakukumbuka tena vizuri alikuwa ameambiwa arudi na nini. Jua lilipita juu ya paa. Mlango ulifunguliwa mara moja kwa watu waliokuja na magari, wakaingia bila kukaa.

"Bwana mkubwa yuko Iringa," karani aitwaye Marta alimwambia hatimaye, huku akipuliza kucha zake. "Semina."

"Semina ya nini, dada?"

"Ya kupambana na urasimu." Alisema bila kucheka, maana alikuwa amekwisha kuirudia asubuhi nzima. "Labda umwone msaidizi wake, Ndugu Timotheo."

Ndugu Timotheo alikuwa na suti ya Kaunda ya rangi ya majani makavu na uso wa mtu aliyeshiba. Andendekisye alisimama mbele ya meza yake, akaeleza kama alivyojipanga njiani: pipa, vizibo, mrija, hewa. Alieleza kwa adabu. Alieleza hata kwa mikono.

"Hewa?" Timotheo akauliza.

"Ndiyo, ndugu. Bila hewa mafuta yanashindwa kutoka."

"Mafuta yanashindwa kutoka." Timotheo aliyarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayeonja kitu kitamu. "Ndugu yangu, hiyo ndiyo kazi ya lakiri."

"Yanashindwa kutoka kwenda kwenye injini. Mashine haisagi."

"Sikiliza. Mimi hapa nagawa dizeli, petroli na mafuta ya taa. Hewa haimo kwenye mgawo." Marta akacheka kule mlangoni, na Timotheo akafurahi kusikia hivyo. "Halafu nikwambie jambo. Tangu tuwafungie lakiri, matumizi yenu yameshuka zaidi ya nusu. Tumetuma mtu akapime kwa nje, kwenye kioo cha mrija. Zaidi ya nusu! Maana yake nini? Zamani mlikuwa mnaiba. Taarifa imekwenda mkoani jana. Kijiji chenu kimetajwa kuwa cha mfano."

Andendekisye akasogea karibu na meza. "Yameshuka kwa sababu mashine imesimama, ndugu. Watu wamekaa na mahindi, hawali."

"Usiniletee siasa ofisini."

"Basi aje mtu mmoja tu. Kizibo kilegezwe mbele yake, achome lakiri nyingine. Kuna mama pale, mtoto wake yuko wodini..."

"Gari limekwenda Iringa na bwana mkubwa. Andika barua, ipitie kwa katibu wa kijiji, ije na muhuri. Akirudi ataiona." Timotheo alivuta faili lingine karibu yake. "Na uniangalie usoni. Lakiri ile ni mali ya serikali. Mkono utakaoigusa, kazi hauna, na utalala ndani. Tumeelewana?"

Andendekisye hakumwangalia usoni. Alikuwa anaangalia pembeni ya kabati, ambako gunia la sembe nyeupe lilikuwa limesimama mdomo wazi, na ndani yake kikombe cha kupimia. Wafanyakazi wa ofisi walikuwa wakigawana.

"Sembe hiyo, ndugu," aliuliza, "imesagwa kwa mashine ya wapi?"

Timotheo alifuata macho yake, akaona.

"Toka."

Alitoka. Njiani kurudi alisimama nyuma ya lori tupu, upepo ukimpiga. Hakuwa ametukanwa kuliko siku nyingine. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa amekwenda na ukweli mtupu, ameubeba kwa mikono miwili kama yai, na wale watu hawakuukataa hata kidogo. Waliuelewa. Waliugeuza tu ukawa ushindi wao. Njaa ya Uyole ilikuwa imeandikwa kuwa ni akiba ya mafuta.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea mlima aliposhuka. Foleni ilikuwa imevunjika. Esta na wenzake walikuwa wamejitwika mahindi yao wakarudi nayo. Chini ya mabati alibaki Roza peke yake, amekalia gunia, viatu kavivua. Mrisho alikuwa ameegemea mlango.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tuandike barua ya kuomba hewa."

Mrisho alimtazama aone kama anatania. Kisha akatema mate.

Roza alikuwa ameuona uso wa Andendekisye tangu aliposhuka kwenye lori. Alivaa viatu vyake, akaanza kuliinua gunia mgongoni. "Wabeja, kaka, asante. Umehangaika. Nitajaribu kuomba huko wodini, labda mtu ana kikombe."

"Liweke chini," alisema Andendekisye.

Alizunguka nyuma ya banda, Mrisho akimfuata. Helena alikuwa pale anaanua nguo, tumbo lake limetangulia mbele, mwezi wake ulikuwa karibu. Alimwona mumewe akimnyooshea Mrisho mkono, na akaiona plaizi.

"Nipe mimi, Ande," Mrisho akanong'ona. "Mimi fundi wa barabarani. Kesho niko Makambako, watanitafuta wapi?"

"Watamshika wa kwanza wanayemkuta. Halafu siyo wewe uliyeahidi."

"Ande," Helena akasema. "Wakikufukuza, tutakwenda kukaa wapi? Na hali hii?"

Hakutaka kumdanganya. "Sijui," alisema. "Nilimwambia yule mama ataondoka na unga. Mtoto wake ameomba ugali."

Helena alisimama na nguo mbichi begani. Alimchungulia Roza na gunia lake kwa pembeni ya ukuta. Halafu akazitupa nguo juu ya kamba, akasema kwa hasira, "Basi fanya haraka, lori la mwisho halimngojei mtu," na akaenda ndani kushika mfuko wa kupokelea unga.

Waya ulikuwa mwembamba, ulikatika kwa mkato mmoja. Lakiri ilipasuka, vipande vyekundu vikadondoka kwenye magogo. Andendekisye alipolegeza kizibo kidogo, pipa lilivuta pumzi ndefu, nzito, kama mtu aliyeibuka kutoka majini, na kifuniko chake kikarudi juu kwa mlio, *ba!*

Injini iliwaka kwa mzunguko mmoja wa hendeli. Mahindi ya Roza yakaanza kushuka. Andendekisye alisimama mkono juu ya mdomo wa mashine, akisubiri ule mlio wa kulegea. Haukuja. Mlio ulikwenda sawasawa, ukatoka nje ya banda, ukapita juu ya mapaa ya Uyole, na wale waliokuwa wameinamia vinu vyao wakainua vichwa.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Muharami, balozi wa nyumba kumi, mwenye duka lisilo na kitu ila viberiti na chumvi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na baiskeli yake akiwa amefurahi, kanzu imenaswa kwenye mnyororo, akiuliza kwa sauti imeponaje. Alizunguka nyuma. Aliporudi mlangoni furaha ilikuwa imemtoka.

"Kijana wangu, nini umefanya?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umevunja lakiri ya serikali. Nami nimeiona. Sasa mimi nitasemaje? Nisiposema, nami naingia."

"Sema, mzee. Sikulaumu."

"Itabidi nikupeleke kituoni sasa hivi. Kwa miguu yako mwenyewe ni afadhali kuliko kuja kuchukuliwa." Akaionyesha injini kwa kidole. "Zima hiyo mashine, mwanangu, twende."

"Nikimaliza hili gunia."

"Ande..."

"Nikimaliza hili gunia, mzee wangu. Nilimpa neno langu."

Mzee Muharami alimtazama Roza, akamtazama Helena aliyeshikilia mfuko na unga umemjaa nyusi. Akaiegemeza baiskeli ukutani. Nje, barabarani, Esta alikuwa anakuja akikimbia na debe kichwani, na nyuma yake wengine.

Punje za mwisho zikaruka, zikaingia. Katika mashine ile, kama katika mashine nyingi za kule, unga unaobaki umeng'ang'ania ndani ya mfuko ni haki ya mwendesha mashine. Ndicho chakula chake cha jioni, na hakuna anayeuulizia. Andendekisye aliufungua mfuko, akaupiga kwa kiganja, akaupiga tena, mpaka vumbi la mwisho likashuka kwenye gunia la Roza. Helena aliona, akageuza uso.

Akalifunga gunia kwa kamba ya katani. Lilikuwa bado la moto. Lori la mwisho la kwenda mjini lilikuwa linapiga honi pale kona, Mrisho amesimama mbele yake katikati ya barabara, mikono ameitandaza, akimtukana dereva ili asiondoke. Andendekisye alilibeba gunia mwenyewe, akalipandisha, akamshika Roza mkono kumpandisha.

"Jina lako, kaka? Nimwambie Ngolo nani kamsagia?"

"Mwambie ale taratibu," alisema. "Tumbo lililokaa njaa halipendi haraka."

Lori likaondoka. Alirudi bandani, ambako wanawake walikuwa wamejipanga tena na madebe yao, wakimtazama yeye na kumtazama balozi. Hendeli ilikuwa ukutani. Aliichukua, akampa Mrisho, akajifuta unga usoni kwa mkono wa shati.

"Haya, mzee," akamwambia Muharami. "Twende."